Kila Nyumba ya Tatu

Karatasi ya masharti niliibandika ukutani kwa uji wa unga, juu ya kitanda changu, nyumbani kwa dada yangu kule Kiseke, na kwa miaka mitatu ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kukiona nikiamka. Ilitaja yote ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sosholojia lazima ayakamilishe ndipo aruhusiwe kuvaa joho: masomo ya lazima, masomo ya kuchagua, takwimu, mbinu za utafiti, mazoezi ya kazi, na mwisho kabisa, peke yake mstarini, utafiti wa mwanafunzi. Kila nilichomaliza nilikikata kwa kalamu nyekundu. Mimi ni mtu wa aina hiyo. Nikipewa orodha nitaifuata mpaka chini, na anayesimama njiani namwona mkorofi.

Nikiulizwa leo nilimalizaje chuo, huwa najibu kwamba nilitimiza masharti yote. Ni kweli. Kuna nyumba moja ng'ambo ya ziwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kivuko cha Kamanga, iliyobaki kuta tupu kwa sababu ya kutimiza kwangu, na hilo halipo kwenye karatasi yoyote.

Takwimu zilinishinda mwaka wa pili. Nilipata sapu, nikarudia mtihani wakati wenzangu wako likizo, nikapita kwa kuchechemea. Kwa bahati mbaya mwalimu aliyesahihisha mtihani ule ndiye aliyepangwa kuwa msimamizi wa utafiti wangu mwaka wa tatu. Alikuwa na sauti ya upole na hakuipandisha hata siku moja, ndiyo maana nilimwogopa.

"Safari hii usiniletee majibu ya watu uliokutana nao njiani," aliniambia. "Anza nyumba ya kwanza, hesabu, uhoji kila nyumba ya tatu. Ukiruka moja nitajua. Na nikijua, humalizi mwaka huu."

Kutomaliza mwaka ule maana yake ilikuwa kutomaliza kabisa. Dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu afariki, alishaniambia waziwazi kwamba nguvu zake zinaishia mwaka huo. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anakunja nguo zangu zilizokauka, na mimi nikamwelewa.

Nilichagua kitongoji kimoja cha mwaloni, yaani pale mitumbwi inapopakulia samaki. Mada yangu ilihusu jinsi wakausha dagaa, hasa wanawake, wanavyoyapanga maisha yao ya mbele. Niliipenda sana. Niliamini nawapenda na wanawake wenyewe, ingawa sikuwa nimemwona hata mmoja.

Mtendaji wa kijiji aliisoma barua yangu ya utambulisho mara mbili, akagonga muhuri, kisha akaniambia nisubiri. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani. Angerudi baada ya siku nne, aitishe mkutano, anitambulishe kwa watu.

"Watu wa mwaloni lazima watangaziwe kwanza," alisema. "Mgeni mwenye faili hawamwelewi."

"Lakini muhuri si tayari?"

"Muhuri tayari."

Masharti yangu yalisema barua yenye muhuri. Mkutano haukutajwa popote, na siku nne za kukaa bure sikuwa nazo. Nikamshukuru, nikateremka mwaloni peke yangu.

Nyumba za kitongoji kile hazikujipanga. Moja inatazama ziwa, nyingine imeligeuzia mgongo, na katikati vichanja vya dagaa na nyavu zilizoanikwa. Nilihesabu mara mbili nikapata hesabu mbili tofauti, jasho likanitoka. Nikaiona sura ya msimamizi wangu. Ndipo nikakumbuka kwamba mkobani nilikuwa na chaki. Nilirudi mpaka nyumba ya kwanza, ile iliyo karibu na njia, nikaanza upya, na kila nilipofika ya tatu niliandika namba mlangoni na kuizungushia duara ili isichanganywe na michoro ya watoto. Nilitumia namba, si jina, maana tulifundishwa kwamba jina la mhojiwa ni siri. Wala sikupiga hodi. Nilipanga kuziandika zote ishirini kwanza, kisha nirudi kuhoji mlango kwa mlango. Nilijisikia msomi kweli kweli.

Alama ya X nilikuwa naijua. Nani asiyeijua? Mjini nimepita mara nyingi kwenye nyumba zilizoandikwa X kwa rangi nyekundu kwa kuwa zimeingia hifadhi ya barabara, na kila anayeishi kando ya ziwa anazijua zile mita sitini ambazo sheria inataka ziachwe wazi kutoka ukingo wa maji. Lakini ile ni X, tena nyekundu, na inaandikwa na wanaume wenye vizibao vya kung'aa. Yangu ilikuwa namba, tena kwa chaki nyeupe, na mwandishi alikuwa binti mwenye ndala. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu angeweza kuona ni kitu kilekile.

Nilipomaliza namba ishirini nikageuka nyuma. Wakati nafika, redio zilikuwa zinaimba na wanawake wanataniana kwenye vichanja. Sasa nilisikia maji na kuku tu. Wanawake walikuwa palepale, wamesimama na dagaa mikononi, wananitazama. Niliwapungia mkono. Mmoja tu ndiye aliyenipungia. Nikaandika kwenye daftari: wakazi ni watulivu.

Kwenye mlango wa namba moja alikaa mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anashona wavu. Nilijiandaa kumwamkia, lakini kabla sijafungua kinywa alinyanyuka akavua kofia.

"Shikamoo, kiongozi," akasema. "Kalibu."

Mzee yule angeweza kumzaa baba yangu. Nilidhani ananitania, wapo wazee wenye utani wa namna hiyo kwa wasichana, nikacheka na kumjibu, "Marahaba, babu." Yeye hakucheka. Aliingia ndani akatoa kiti pekee alichokuwa nacho chenye mgongo, akakipangusa kwa pindo la shati lake, akanikaribisha nikae. Yeye alibaki amesimama muda wote wa maswali. Ile marahaba bado inanichoma. Nikiikumbuka nikiwa peke yangu huwa naufunika uso.

Nyumba zote zilikuwa hivyo. Nilisoma maelezo yangu kwa kila mmoja, kwamba mimi ni mwanafunzi, kwamba majibu ni siri, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kudhurika. Waliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Hakuna aliyejitoa. Mmoja alimtuma mtoto aniletee soda ya baridi kutoka mbali. Mwingine alinifungia sato wawili wa kukaanga kwenye gazeti, nilipokataa akaniomba nipokee, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Niliandika: jamii hii ina ukarimu wa hali ya juu.

Mama wa namba tisa hakuwepo nilipoandika mlango wake. Alikuwa anaosha dagaa majini. Alipanda na karai kichwani, akanikuta nimesimama uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na jua lote hili?"

Ilikuwa marahaba ya kwanza niliyopewa siku ile na mtu wa makamo yale, na nusura nimkumbatie. Alitua karai, akajifuta mikono kwenye kanga, kisha akauona mlango wake. Ulikuwa mlango wa mbao nene, umepakwa rangi ya bluu, mzuri kuliko nyumba yenyewe. Aliiangalia namba. Halafu akaangalia vidole vyangu, vilivyokuwa vyeupe kwa chaki. Alipozungumza tena hakuniita mwanangu.

Alikuwa Mkerewe, mjane, na nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa dagaa, bati moja moja kila msimu ulipokuwa mzuri. Nilimuuliza kama aliwahi kuhama.

"Nilikuwa ng'ambo, upande wa mjini," alisema. "Nyumba yangu iliandikwa. Tuliambiwa tutapewa siku za kujiandaa, lakini wao wakaja kabla. Nilikuwa sokoni. Bati zangu zote zilisagwa pamoja na kuta. Mlango huu ndio jirani aliouwahi."

Nikaweka alama ya vema: aliwahi kuhama, mara moja. Niliyasikia maneno yake kwa masikio haya, nikayaandika kwa mkono huu, nikafunua ukurasa.

Swali la kumi na nane liliuliza kama mhojiwa anatarajia kuhama katika miaka mitano ijayo. Visanduku vilikuwa vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Siku nzima watu walikuwa wamenijibu swali lile kwa maneno yaleyale, na yeye pia.

"Hilo si unalijua wewe?"

"Mimi siwezi kujua, mama. Ni maisha yako."

"Haya. Andika unavyoona."

Niliweka alama kwenye Sijui, kama nilivyofanya kwa wengine. Alinitazama nikiandika, kisha akaniuliza kuhusu wale wasiokuwa na namba.

"Hao hawakuchaguliwa," nilimwambia.

"Nani alichagua?"

Hapo ndipo nilipofurahi. Hatimaye mtu ananiuliza kuhusu mbinu! Nilimweleza kwamba hakuna aliyechagua, kwamba ni kila nyumba ya tatu, iwe ya tajiri au maskini, bila kujuana wala kupendeleana, na ndiyo uzuri wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna hata wa kumwomba," akasema.

"Hakuna, mama," nilimjibu, na nilitabasamu.

Kesho yake asubuhi nilivuka tena kumalizia nyumba zilizobaki. Namba kumi na nne haikuwepo mlangoni pake. Ilikuwa imefutwa kwa maji, na kwenye nyumba ya jirani kulikuwa na kumi na nne nyingine, duara limepinda, imeandikwa kwa mkaa. Wanawake wa nyumba hizo mbili walikuwa wamesimama uani, hawatazamani, na mmoja kanga yake imechanika begani.

Mtu mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi nilipandisha hasira. Niliona sampuli yangu imeharibika, nikaona sapu nyingine, nikamwona dada yangu anakunja nguo.

"Nani amefuta?" nilipiga kelele, mbele ya watu wazima wote wale. "Msifute! Hakuna ruhusa ya kufuta! Mkifuta nitaanza kuhesabu upya kitongoji kizima, na sijui safari hii namba itampata nani!"

Nilifuta ile ya mkaa, nikaandika kumi na nne mahali pake, kisha nikapita mlango kwa mlango nikizikoleza namba zote ishirini, nikiikandamiza chaki mpaka ikavunjika. Mama wa namba tisa alisogea pembeni kunipisha. Alishika karai kifuani, akanitazama nikiizungushia namba duara mara ya pili.

Msimamizi wangu alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu kwa kazi yangu. "Ishirini kwa ishirini? Hakuna aliyekataa hata mmoja?" aliuliza, akafungua kwenye swali la kumi na nane, akasema hapo nimepata jambo. Karibu wote hawajui kama watahama! Aliniambia sura ya nne yote niijenge hapo. Nikaijenga. Niliandika kurasa nyingi juu ya watu wanaoishi bila kuiona kesho yao, na zilikuwa kurasa nzuri.

Likabaki sharti moja: kurudi kwenye nyumba tano kuhakiki majibu. Msimamizi ndiye aliyezitaja namba, na tisa ilikuwemo. Nilirudi baada ya wiki mbili hivi.

Niliiona kutoka mbali, na mwanzoni nilidhani nimepotea njia. Kuta zilikuwepo. Bati halikuwepo hata moja, wala boriti, wala mlango. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka palipokuwa chumba chake. Udongo wa ukutani ulishaanza kulainika kwa mvua ya juzi yake, na kwenye kona kulikuwa na meko yake, mafiga matatu na majivu yaliyolowa.

Jirani yake, ambaye nyumba yake haikuwa na namba, alikuwa anageuza dagaa kichanjani. Hakuniamkia. Hilo lilinipa ahueni kidogo, mpaka aliponitazama.

"Aliezua mwenyewe," alisema. "Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Alisema safari hii hawamkuti sokoni."

Mwenyekiti, jirani alisema, aliporudi kutoka msibani alikuta watu wanang'oa misumari. Alienda kuuliza kwa mtendaji, akarudi mbio kuitisha mkutano, akawatangazia kwamba ni mwanafunzi tu, anaandika mambo ya shule. Waliokuwa wameezua nusu wakarudishia. Mama wa namba tisa alikuwa ameshavuka jana yake. Nusu ya bati aliwauzia watu wa vijiji vya jirani kwa bei ya kutupa, nyingine alikodi mtumbwi akaondoka nazo kwenda kwa kaka yake, Magu.

"Lakini niliwaambia," nilisema. "Kila mlango niliwaambia mimi ni mwanafunzi. Niliwasomea."

"Hata waliotubomolea ng'ambo walituambia wanahesabu tu," alijibu, akaendelea kugeuza dagaa.

Nilihoji zile nne zilizobaki. Ndiyo, nilihoji. Nilikuwa nalia na ninahoji.

Usiku sikufanya kitu, ila asubuhi niliandika kurasa mbili kueleza yote, chaki, shikamoo, swali la kumi na nane, na kwamba wale watu hawakuwa hawajui kesho yao, walidhani mimi ndiye ninayeijua. Nikampelekea msimamizi. Alizisoma zote mbili, akazilaza mezani.

"Pole," alisema kwa sauti yake ileile, na naamini alimaanisha. Kisha akaniambia kwamba kurasa zile zikibaki, majibu yote ishirini yatakuwa hayana thamani, maana yametolewa kwa hofu. Itabidi nitafute kitongoji kingine nianze upya. "Hilo ni la mwakani. Au unaweza kuandika namba tisa amehama. Si uongo. Uamuzi ni wako."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo mpaka adhuhuri. Nilijua jibu sahihi, sitajidanganya hapa. Kisha nikaenda kuzitoa zile kurasa mbili, na kwenye sehemu ya changamoto za utafiti nikaandika sentensi moja: mhojiwa mmoja hakupatikana wakati wa uhakiki kwa kuwa amehama. Jioni nyumbani nilichukua kalamu nyekundu nikakata mstari wa mwisho wa karatasi. Dada yangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Wiki moja kabla ya mahafali nilienda Magu. Sikujua jina la kaka yake, na jina la mama mwenyewe nilikuwa nimelificha vizuri kiasi kwamba hata mimi sikuwa nalo. Kwa wauza mchele wa kando ya barabara nilimuulizia tu mama mmoja Mkerewe, aliyekuja na mlango wa bluu. Walimjua papo hapo.

Alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliponiona aliweka ungo chini, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Shikamoo," akasema.

Nilipiga magoti palepale vumbini. "Mama, usiniamkie. Mimi ndiye wa kukuamkia." Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Nilimweleza kila kitu nikiwa chini vilevile. Kwamba ilikuwa kazi ya shule. Kwamba hapakuwa na mtu wa kuja kubomoa, wala hajaja mpaka leo, na nyumba za wenzake zote zimesimama. Kwamba chaki ilikuwa yangu mwenyewe, ya kunisaidia kuhesabu, maana kuhesabu kunanishinda. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza siku ile.

"Na shule, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hongera," alisema. Hapakuwa na kejeli ndani yake, na ningependa ingekuwepo.

Aliniingiza ndani ninywe maji. Ilikuwa stoo ya kaka yake, ndipo alipokuwa analala, na bati zake zilizotobolewa na misumari zilipangwa ukutani pamoja na mlango. Mlango aliufunika gunia. Alipoona naangalia, akalivuta gunia pembeni, kwa haraka kidogo, kama mtu aliyeombwa kitambulisho. Tisa ilikuwepo katikati ya bluu, nyeupe, na duara lake mara mbili.

"Sijaifuta," akasema. "Ulikataza."